Dereva Aliyeshindwa Kutazama Nyuma

Makambako, Agosti 1954

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu haujainuka, na Nahumu Mgaya ameshalizunguka lori lake mara tatu. Anafungua boneti, anaifunga. Kisha anasimama wima, anarudisha kidevu ndani, anageuza kichwa kulia taratibu huku akihesabu hadi tano.

“Kungoja kunaniuma kuliko shingo,” anasema.

Leo msimamizi wa kiwanda cha magome ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, atamtazama akilirudisha lori kinyumenyume hadi kwenye mzani. Akishindwa, atahamishiwa kufagia uwanja. Ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na minne ameimaliza katika barabara ya Njombe, maili zipatazo arobaini za vumbi na matope.

Shingo ilianza kukaza Mei. Alinyamaza, akawa anageuka mwili mzima kama ng’ombe aliyefungwa nira. Mwezi wa Juni, akirudi nyuma, hakumwona Emilia, mama mpakizi aliyekuwa na mzigo wa magome kichwani. Mama aliutupa mzigo, akaruka pembeni. Gurudumu likapita juu ya magome.

“Alinitazama tu,” Nahumu anasema. “Afadhali angenitukana.”

Siku hiyohiyo aliurudisha mwenyewe ufunguo wa lori kwa msimamizi.

Katika zahanati ya misheni alipokewa na mwuguzi Tabea.

“Kamwene, baba Hulda,” alimsalimu kwa Kibena, akimwita kwa jina la bintiye. “Mkono unakufa ganzi?”

“Hapana, dada.”

“Bana vidole vyangu.” Akabana kwa nguvu. “Vema. Naona ni misuli iliyokaza. Unaendesha umeinamia usukani, ukilala unalalia gunia lililojaa. Tena umeiogopa shingo, umeacha kuigeuza, nayo imezidi kukakamaa.”

Nahumu alitaka sindano. Alipewa kitambaa cha maji ya moto na mazoezi ya mara tatu kwa siku: geuza polepole, maumivu yakianza, simama hapo. Na asilalie tena gunia.

Jioni hiyo alifanya mara thelathini mfululizo. Kulipokucha hakuweza kuinua kichwa.

“Shingo haifunguliwi kwa nguvu, baba,” Tabea alimwambia, wala hakucheka.

Wiki saba zimepita tangu hapo. Saa mbili msimamizi anafika, na Nahumu anapanda. Anageuza kichwa kulia hadi kidevu kinakaribia bega. Lori linarudi, linasita, linarudi tena, linatua juu ya mzani.

“Kesho uanze na mzigo wa Njombe,” msimamizi anasema, na kuondoka.

Nahumu anashuka. Tayari amemwagiza fundi Mika amtengenezee kiti cha juu zaidi, asiinamie tena usukani. Lakini anachotaka hasa ni safari ndefu ya Songea, mbali kupita Njombe, kabla mvua hazijaharibu barabara.

Tabea amemwambia angoje miezi miwili.

“Nitarudi kwake Jumatatu,” anasema, akikanda shingo. “Nimuulize kama mmoja na nusu hautoshi.”