Matanga Niliyokaa Hekaluni Mlimani

Mama alifariki nikiwa Japani, nilikopelekwa kujifunza kutengeneza cherehani. Telegramu iliponifikia walikuwa wameshamzika kwetu Bungoma. Kwa desturi yetu, mtoto aliyekuwa mbali huingia bomani akilia kwa sauti tangu njiani. Mimi machozi yaligoma. Nikaanza kuogopa: nitaingiaje kwa mama kimya kimya kama mtu aliyekuja kununua kuku? Watu wangesema sikumpenda.

Jumapili alfajiri, Juma, fundi mwenzangu kutoka Kibera, alinivuta blanketi.

"Amka, Wafula! Twende tuone hiyo hekalu ya Wabudha iko huko mlimani. Utaozea hapa."

"Wewe Mwislamu unaenda kuomba huko?"

"Nani amesema naomba? Naenda kutembea, bwana."

Treni ilituacha kwenye kituo kidogo kisicho na mtu. Tukapanda katikati ya mierezi, ndani ya ukungu uliozidi hata ule wa Limuru mwezi wa Julai. Maji niliyasikia bila kuyaona. Mawe yalivaa ukoga wa kijani na nyayo zetu hazikutoa sauti, hata nikashuku kwamba bado nimelala. Juma mwenyewe, ambaye mdomo wake haupumziki, alianza kunong'ona.

Karibu na adhuhuri lango la mbao lilitokea ukunguni. Ndani palikuwa na ua uliofagiwa, mistari ya ufagio bado mibichi. Mama alifagia hivyo kila asubuhi kwenye ploti tuliyopanga Nairobi, Kawangware 46, ua wa wapangaji wote, bila kuombwa na mtu. Nikasimama. Kisha nikashika kichwa na sauti ikanitoka, nikamwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Mayi! Mayi ooo!"

Nikalizunguka hekalu nikilia, kama tunavyoizunguka nyumba ya marehemu. Juma akanikimbilia.

"Nyamaza, ndugu yangu! Kuna watu ndani wanaomba. Watatufukuza!"

Kweli, walikuwa wameketi kimya, wamefumba macho. Mtawa mzee akatoka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota, sawa na changu.

"Nani?" akauliza.

"Mama."

Akageuka, akasema neno moja ndani. Wote wakatoka, wakaketi chini kunizunguka.

"Lia," akaniambia. "Sisi tutakaa."

Nililia mpaka nikachoka, na nilipochoka nikasikia raha. Wakatuletea wali na mboga. Juma alikula, akajifuta macho, akasema, "Sasa hii ni matanga kabisa."

Jioni tulishuka polepole. Ukungu ulikuwa umeondoka na mabonde yote yalionekana, ila sikumbuki tulizungumza nini.

Niliporudi Kenya nilipita Kawangware kuweka mizigo tu, nikaenda Bungoma. Nililia tangu barabarani, na sauti haikunikatalia. Nilikuwa nimejifunza kwamba kilio hakitoki mpaka kipate watu wa kukipokea.

Usiku dada yangu mkubwa alinisogelea.

"Pole, mdogo wangu. Huko ugenini, nani alikaa na wewe matanga?"

"Majirani," nikamjibu.