Mshipa wa Mbuzi wa Shukrani

Mbuzi wa shukrani alichinjwa nyumbani kwetu Gachoka, baada ya mama kusimama kanisani na kushuhudia kwamba presha imemtoka. Aliyechinja ni baba mdogo. Kwetu nyama ya mbuzi haigawanywi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na mimi nikaomba kile kisicho na mwenyewe: mshipa mkubwa unaotoka moyoni na kushuka kando ya uti wa mgongo. Huo hutupiwa mbwa.

"Huyu msichana amesoma mpaka anang'ang'ania chakula na mbwa," baba mdogo akasema, na wazee wakacheka. Nilicheka pia. Niliutia mshipa kwenye thamosi yenye maji ya chumvi na barafu, kwa kuwa kesho yake nilikuwa narudi kazini.

Jikoni, tukisuuza sufuria, nilimuuliza mama kama bado anameza dawa. Nyumbani tunaongea Kimbeere, lakini mambo ya hospitali mama huyasema kwa Kiswahili, kana kwamba ugonjwa ni mgeni asiyefaa kusikia lugha ya nyumba.

"Hizo huwa nakunywa wiki ya kliniki, mwanangu. Ile mashine ikiona presha iko juu, sista ananigombeza mbele ya watu."

"Na wiki zingine?"

"Wiki zingine niko sawa. Sisikii kitu."

Kumbe huo ndio muujiza tuliouchinjia mbuzi. Nilikasirika, nikaisuuza tena sufuria iliyokwisha kutakata. Nje wageni walikuwa wameanza wimbo wa kushukuru, na mama akatoka kwenda kuupokea.

Kazi yangu katika maabara huko Nchiru ni kuwaandalia watafiti mishipa ya wanyama. Wanataka kujua jinsi molekuli kubwa za damu, za protini na zile zinazobeba mafuta, zinavyopenya ukuta wa mshipa. Ninaufunga mshipa kwenye mirija ya kioo ncha zote mbili, ninaviziba vitawi vyake kwa uzi, ninaujaza maji yenye protini iliyotiwa rangi ya buluu, kisha ninainua chupa ya maji hayo juu ya kiunzi. Chupa ikipanda, presha nayo inapanda.

Dakika ya kwanza sijawahi kuizoea. Mshipa uliolala bapa kama soksi hujaa, hujikaza, halafu huchukua tena ule mpindo uliokuwa nao mnyama akiwa hai. Asubuhi ile niliporudi kazini, mshipa wa mbuzi wetu ulitetemeka. Sababu naijua: misuli ya mshipa mbichi uliotoka kwenye barafu hujikunja ikipata joto. Naijua vizuri, na bado nilirudi nyuma.

Nilikuwa nimeukata vipande viwili. Cha kwanza nilikipa presha ya kawaida, na nilipokipasua na kukiosha, buluu ilikuwa hafifu, juu juu tu. Kwa cha pili niliinua chupa hadi presha ile aliyokutwa nayo mama alipopimwa mara ya kwanza, kabla hajapewa dawa yoyote. Nikaketi kukitazama.

Nilingoja ufa, tone, hata sauti. Hakuna. Kwenye kibanda cha nje wanafunzi walikuwa wakinunua chapati na kutaniana. Mbele yangu maji yalikuwa yakisukumwa polepole ndani ya ukuta, yakizikokota zile molekuli kubwa, ambazo huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Ukuta ulikuwa umetanuka, umetulia, na ndani yake kitu kilikuwa kinahamia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya chenyewe nilikuwa nimeketi nacho, na niliogopa.

Nilipokipasua, buluu ilikuwa imezama. Nikakisuuza, nikakisuuza tena, kikabaki vile vile.

Sikungoja mwisho wa mwezi kama kawaida. Nilirudi Gachoka na vile vipande viwili kwenye chupa ndogo ya maji ya chumvi, nikamkuta mama uani anafua. Nikamweleza nilichofanya, na presha ya kipande cha pili nimeitoa wapi.

"Hii ni ile mbuzi yangu?"

"Ndiyo, mama."

Akakitoa kile cha pili, akakipaka sabuni ya kipande na kuanza kukisugua kwa kidole gumba, vile anavyosugua kola ya shati la shule. Mama hajawahi kushindwa na doa. Akakigeuza, akasugua upande wa pili, povu likaja jeupe. Buluu haikutoka.

"Na haikupasuka?"

"Haikupasuka."

"Hata kulia kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakirudisha kwenye chupa, akajipangusa mikono kwa leso, akaweka vidole viwili shingoni mwake. "Sisikii kitu," akasema, na safari hii alisema kwa Kimbeere.

Akaingia ndani, akatoka na dawa na kikombe cha maji. Haikuwa wiki ya kliniki. Akameza, akanitazama usoni.

"Na kwenye mshipa wangu, imeingia mpaka wapi?"

Niliutazama mshipa wa shingo yake ukiruka chini ya ngozi. Ukuta wa mshipa wa mtu aliye hai hatuupasui tukauangalia. Nikamwambia sijui, na kesho ameze tena.