Mluzi Mbele ya Ukuta

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, ghala la ushirika likabaki tupu, na wachoraji wawili wakapewa ukuta wake mmoja waupambe, milango wazi, watu wakitazama. Mmoja alikuwa Klementina; mwenzake, bwana mmoja, hakuweza kuchora ng'ombe bila kumpigia mluzi. Alishusha brashi, akarudi kinyumenyume, akapiga mluzi wa machungani, na wachungaji waliokuja kutazama wakageuka kutafuta ng'ombe barabarani. "Kaka, ng'ombe wa rangi hasikii," Klementina alimwambia kila siku. Ila ng'ombe wa yule bwana walikuwa hai; wa Klementina alisimama kama meza. Jioni moja, akidhani yuko peke yake, Klementina alimkabili ng'ombe wake, akakaza midomo, akapuliza mluzi kidogo. Yule bwana akasema taratibu kutoka mlangoni, "Usiache, dada. Anaanza kuinua kichwa."