Mme Mamotlatsi Anashusha Wimbo

Wanaomjua Mme Mamotlatsi (kwetu mama huitwa Mme, na baba Ntate) wataniwia radhi nikianzia kwenye kikombe. Ni kikombe cha bati, rangi yake ya buluu imebanduka mdomoni, na ndicho kinanda chake tangu aanze kuongoza kwaya ya misheni yetu huku milimani Mohale's Hoek, Lesotho. Hukigonga kwa kijiko, huinamisha kichwa akisikiliza, kisha hutupa do yetu, sauti ya kuanzia, na kila mtu anajua pa kuingilia. Mwimbaji akikauka koo kwenye noti za juu, hamwondoi. Hugonga tena, hushusha wimbo, tunaanza upya. Wapo walioanza naye wakiwa na meno ya utoto, leo wana mvi, na hajamfukuza hata mmoja.

Jumapili ninayoisimulia, mwanawe Motlatsi, anayeishi Marekani na mkewe, alikuwa akimbatiza mtoto wao wa kwanza, wa kike. Kwetu jina la mtoto huyo hutoka kwa wazazi wa baba, na Mme alikuwa ameapa kulitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Hakumnong'oneza mtu. "Nikilituma kwa ujumbe litafika limepoa," alisema. Motlatsi akamletea kompyuta mpya ya huko huko, nyembamba kama sinia, isiyo na tundu la waya wa mtandao, ila yenye jicho la kuonana. Ibada ilikuwa asubuhi kwao, alasiri kwetu. Mme asipoonekana, wazazi wa mkazamwana, ambao walikuwa wameshafika huko, wangempa mtoto jina la upande wao. Walilisema kwa kicheko, lakini walilisema.

Basi kompyuta ikagoma.

Ruta ya Mme, kile kisanduku cha kurushia waifai, ni ya zamani, imegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Waya wake unatoka kwenye nguzo ya simu barabarani, maana simu za mkononi kwetu hazishiki mtandao mpaka upande mlima. Kwaya nzima ilikuwa imekaa sebuleni na mablanketi yetu mabegani, tangawizi ya kunywa ikitungoja mezani. Ntate Sekhonyana, fundi wetu wa redio ambaye pia anaimba besi, aliizima ruta, akaiwasha, akaizima tena. Kompyuta ilionyesha waifai ya zahanati, ya duka, ya shule. Ya Mme haikuwepo. Akaisogeza karibu na ruta mpaka vikagusana.

"Ntate, unawaozesha?" akauliza Lisebo, soprano mwenye ulimi.

"Nyamaza. Sauti yako ndiyo inayokitisha hiki kitu."

Akawasha kompyuta ya zamani, ile isiyo na jicho na ambayo spika yake ilishakufa. Hiyo ikaiona ruta mara moja.

"Haya sasa!" Sekhonyana akakuna kidevu. "Kikongwe anamsikia, mgeni hamsikii. Mme, nadhani ruta imechoka. Wiki ijayo nikienda mjini..."

"Wiki ijayo mtoto atakuwa ameshaitwa jina la watu," akasema Mme. Alikuwa amekishika kikombe bila kujua. "Ntate, huyu mgeni za jirani anazisikia?"

"Zote."

"Basi si kiziwi. Na yetu si bubu, kikongwe anaisikia. Majirani wanaimbia wapi, na sisi tunaimbia wapi?"

Sekhonyana akacheka kidogo, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Zinaongea kwa chaneli, Mme, kama redio. Za chini wamejazana majirani wote. Mimi nilikuweka ya kumi na tatu, juu kabisa, uwe peke yako usisumbuliwe."

"Juu kabisa."

"Kabisa."

"Na Lisebo aliporudi na kifua chake kibovu, akashindwa kufika juu, mimi nilifanya nini?"

Lisebo mwenyewe ndiye aliyesema polepole, "Ulitushushia wimbo, Mme."

Niliona uso wa Sekhonyana ukibadilika. Akajipiga paji la uso. "Marekani! Huko kwao chaneli hizo za juu hawazitumii. Hii haikufundishwa kusikiliza huko. Lo, Mme!"

Akarukia kompyuta ya zamani, akafungua ukurasa wa ruta, akaandika nywila aliyoiandika zamani chini ya ruta yenyewe. "Nishushe mpaka wapi?"

"Shusha mpaka mgeni atakapoingia."

Akaandika sita. Taa za ruta zikazimika zote. Nami nikawaza kwamba tangu asubuhi ile sauti ilikuwa humu humu ndani, inapita kwenye mablanketi yetu na kwenye vifua vyetu, inaita na kuita, na kilichotakiwa kuisikia kilikuwa mezani, wala hakikusikia neno. Ni mangapi mengine yanapita hivyo, jamani?

Taa zikarudi, moja, kisha nyingine. Kwenye kioo kipya, chini ya zahanati na duka, likatokea jina la ruta yetu: KWAYA.

Lisebo akajifunika mdomo. Sekhonyana akavua kofia yake ya ukindu, kama aliye kanisani.

Punde tukaliona kanisa lenyewe, na theluji dirishani, na Motlatsi amenenepa, na kitu kidogo cheupe mikononi mwake. Kando yake wakwe wamesimama wima.

"Mme! Tulidhani hufiki! Padri anauliza jina."

Mme Mamotlatsi akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo. Jina tunalomwita, yaani mama wa Motlatsi, alipewa siku alipoolewa, kabla mwana hajazaliwa, kama ilivyo desturi yetu. Alilozaliwa nalo, wengi wetu humo ndani hatukuwahi kulisikia.

"Mosele," akasema. "Mwiteni Mosele. Ni jina langu."

Nimeimba na mwanamke huyu maisha yangu yote, na siku hiyo nilijulishwa kwake. Hata mkwe mwanamume aliinamisha kichwa. Maji yakamwagwa, mtoto akalia mara moja, na kilio kikatufikia sote, kikali na kibichi, kutoka upande wa pili wa dunia.

Kilio kilipotulia, Mme akagonga kikombe.

"Chini kidogo," akatuambia. "Anasinzia."