Waya wa Usukani

Kaka yangu alipenda kayaki zenye usukani, mimi sikuzipenda. Sote tulikuwa tunawaongoza wageni kwenda visiwani kwa mitumbwi hiyo myembamba ya plastiki, na jioni tukirudi kwake Kariakoo tulibishana mpaka wali ukapoa.

"Upepo wa ubavuni ukikupiga," alisema, "unakanyaga pedali, usukani unakunyoosha. Mikono inapiga kafi tu. Wewe nusu ya nguvu zako inaishia kurekebisha njia."

Alikuwa sahihi, sikatai. Lakini mimi nilijifunza kugeuza kwa kulaza kiuno na kuvuta kafi kwa upana upande mmoja. Kiuno hakishiki kutu. Usukani unavutwa na waya, na waya unaliwa na chumvi.

Wa kayaki yake ukaliwa kweli. Tukaenda wote madukani mtaa wa Msimbazi, akanunua waya wa breki ya baiskeli.

"Kaka, huu hautadumu."

"Acha uoga, mdogo wangu. Wiki mbili tu, bosi ataleta mwingine."

Wiki mbili zikawa miezi. Bosi hakuleta, kaka hakumkumbusha, nami nilichoka kusema.

Asubuhi moja alimpa kayaki ile mama mmoja mgeni, mtu mzima, ili usukani umpunguzie kazi. Ukampunguzia, mpaka tulipofika kwenye mkondo. Hapo waya ukakatika, usukani ukabaki umelala upande. Kila alipopiga kafi alizunguka tu, mpaka wimbi likampindua. Nilimfikia mimi kwanza. Alining'ang'ania shingoni, akanitapikia maji ya chumvi, huku akimwita mwanawe. Alipona, ila bega lilikuwa limeteguka.

Ofisini bosi akanigeukia. "Nani alichezea usukani? Si wewe, unayeuponda kila siku?"

Nikamtazama kaka. Alikuwa na watoto wawili shuleni, najua alichowaza.

"Sijui, bosi," akasema, akiangalia viatu vyake.

Nikafukuzwa mchana uleule. Sikumtaja, naye hakuniomba radhi.

Sasa nauza masufuria sokoni. Kaka bado anaongoza wageni. Sikukuu akija huniletea samaki, na watoto wake huniamkia, "Shikamoo baba mdogo." Naitika marahaba, nakula samaki. Wakitoka nje kucheza, tukabaki wawili, mimi nawasha redio.