Picha Kubwa ya Kifungua Mimba Wetu

Mimi sikuwa mpiga picha wa kazi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari huko Lumumba, mtaa mmoja wa Bunia, na kamera yangu ndogo ya dijitali, iliyokuwa ikimaliza betri kama mtoto anavyomaliza muwa, niliuziwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahamia Kisangani. Wapiga picha wa kazi walikuwa mjini, wenye mapazia ya maua na kiti cha kifalme. Watu walikwenda huko wamepiga pasi hadi soksi, wakasimama kama wanaosubiri hukumu. Mimi nilipiga kile walichokiacha nyumbani.

Nilimpiga picha mke wangu akitwanga sombe, majani ya mihogo. Niliwapiga watoto wakigombania ukoko wa sufuria, nguo zikiwa kwenye kamba, ndoo zilizopangwa chini ya bati siku ya mvua. Mke wangu hakuelewa hata kidogo.

"Papa ya batoto, weye uko unapiga picha ya nguo iko inakauka? Nani ataiangalia?"

"Siye wenyewe."

"Siye tuko nayo hapa kwa kamba!"

Akiniona nimeinua kamera alikimbilia chumbani kubadili nguo. Akirudi amejipaka mafuta, sombe imeshaungua na nilichotaka kimeshapita. Basi nikajifunza kupiga kwa kuvizia. Kifungua mimba wetu, msichana, ndiye peke yake aliyeizoea kamera. Hakukimbia, hakutabasamu, aliendelea na kazi yake kana kwamba mimi ni kuku anayepita uani. Ndiyo maana yumo katika picha nyingi kuliko wote.

Alipopata diploma yake ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nilifurahi kupita kiasi. Nilichagua picha moja ya uso wake akicheka, nikaipeleka mjini ikakuzwa, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni juu ya redio.

Kwetu picha kubwa ya mtu mmoja haitundikwi hivi hivi. Hiyo ndiyo picha ya matanga, inayowekwa mezani na mshumaa kando yake, waombolezaji wapate mahali pa kuelekeza macho. Nilijua, nani asiyejua? Lakini nilidhani kicheko kile kingejieleza chenyewe. Jirani yetu alipoingia kuomba chumvi, alisimama mlangoni akajishika kinywa.

"Pole, mama! Alikufaka lini? Mbona hatukusikia kilio?"

Binti mwenyewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Miye hapa, mama. Siyakufa bado."

Tulicheka mpaka jirani akasahau chumvi yake. Mke wangu hakucheka. Jioni ile ile aliishusha picha, akaisukuma nyuma ya kabati, uso ukiangalia ukuta.

"Usiite kifo," aliniambia. "Kinasikiaka."

Ilikuwa miaka ile waliyoiita ya amani. Barabara ilifunguka asubuhi na kufungwa alasiri. Magari yalingojana ili yaondoke pamoja. Redio ikitangaza kwamba hali ni shwari, watu wa mtaa wa Mudzipela walikwenda kununua unga wa akiba. Diploma ya binti yetu haikumpatia kazi, akaanza kupeleka samaki wakavu Nizi kuwauzia wachimba dhahabu. Tulikataa wote wawili. Akaenda, akarudi na sukari na sabuni. Akaenda tena. Tukaacha kukataa.

Siku moja gari alilopanda na wachuuzi wenzake lilishambuliwa njiani, likachomwa moto. Waliokimbilia porini walirudi wamekatwakatwa na nyasi. Waliokufa walizikwa palepale, harakaharaka, na watu waliokuwa wakitazama nyuma kila baada ya kutupa udongo. Wengine nyuso zao hazikuweza kutambulika. Binti yetu hakuwa miongoni mwa waliorudi.

Baadaye chifu wa mtaa alituita, sisi wazazi tuliokuwa hatujui la kusema. Juu ya meza yake palikuwa na mfuko wa vitu vilivyookotwa: viatu, ufunguo, vipande vya nguo. Mke wangu alipewa kipande cha kitenge kilichoungua ukingoni. Kilikuwa kile cha nane Machi, sikukuu ya wanawake, na mwaka ule karibu kila mwanamke wa Bunia alikuwa amekishona. Kilikuwa na kiraka cha njano. Mke wangu alikigeuza, akaangalia upande wa nyuma, kisha akakirudisha mezani.

"Haiko ya mutoto yangu," akasema. "Hii kikwembe ya huit mars iko na bamama bote."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilishukuru kwamba aliyekufa ni mtoto wa mtu mwingine, na mtu huyo huenda alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile nyuma yangu.

Basi tukangoja. Kila jioni mke wangu alimwekea chakula chake kwenye sahani yenye kifuniko, na asubuhi wadogo zake walikila kabla ya shule. Aliyetamka neno "marehemu" uani petu alionyeshwa njia. Mtu akisema ameonekana msituni, ametekwa, amevuka ziwa kwenda Uganda, mke wangu alimwekea kiti na chai. Mimi nilichoka. Msiba una mwisho, watu hulia wakanyoa nywele wakarudi mashambani, lakini kungoja kule kulikuwa kunatula taratibu, na nilianza kuichukia ile sahani.

Hatimaye wazee wa ukoo wangu walishuka kutoka kijijini. Aliyezungumza ni baba yangu mkubwa.

"Mwalimu, mutoto hawezi kubaki kwa barabara. Tafuta picha yake, tukae matanga, tumulilie."

Mke wangu aliinuka akatoka nje. Nilipoangalia nyuma ya kabati, picha haikuwepo. Alikuwa ameificha. Ndipo nilipochukua kamera, nikaenda kukaa kivulini nyuma ya nyumba, mchana, kutafuta uso mwingine wa kuwapa wazee.

Mle ndani ya kamera alikuwa mzima. Alikuwa anachambua maharage. Alikuwa anamsuka mdogo wake, amebana kitana kwa meno. Alikuwa amelala kinywa wazi, daftari kifuani. Nililia mpaka betri zikaisha, nikaenda kununua nyingine, nikarudi kuendelea. Kisha nikafika kwenye picha ya Jumamosi moja ambayo nilikuwa nimeisahau. Amekaa kwenye kigoda, sindano mkononi, kitenge cha nane Machi magotini, na mama yake amemwinamia akimwonyesha kitu kwa kidole. Pasi ya makaa ilikuwa imekitoboa. Alikuwa anakishonea kiraka cha njano, kilichokatwa kwenye pazia letu la zamani.

Kiraka kile nilikuwa nimekiona kwa macho yangu mezani kwa chifu, na hakikuniambia kitu. Mimi niliyejisifu kwamba naona yale ambayo watu hawayaoni! Niliikuza picha kwenye kile kioo kidogo mpaka uso wake ukapotea na magoti yakapotea. Njano ilibaki njano.

Kamera ile ilikuwa na kitufe chenye alama ya pipa la taka. Kidole changu kilikuwa juu yake. Niliwaza kwamba nikibonyeza, mke wangu ataendelea kuwa na mtoto, na mimi nitabeba hili peke yangu kama mwanaume. Sikusikia akija. Alikuwa na beseni la nguo za kufua, na alisimama begani kwangu akitazama kioo.

"Umeiona," akasema.

Sikumwelewa mara moja. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu kule kwa chifu. Niligeuza, nikaona mushono yake. Kubwa kubwa, na fundo mara mbili. Ni miye nilimufundisha fundo mara mbili, juu uzi isitoke."

"Sasa juu ya nini ulisema haiko yake?"

Alitua beseni, akaketi chini kwenye vumbi.

"Nikisema iko yake, batu watakuja, watalia, watakula, watarudi kwabo. Kisha nani atabaki kumungojea? Nilitaka kumungojea kidogo. Weye ulikuwa unamungojea na roho safi, basi nilikuwa ninajifunika kwa ile yako."

Nilitaka kumkasirikia. Muda wote ule alikuwa amenibebesha matumaini akijua ni gunia tupu. Hasira ilipanda, ikafika kooni, ikakuta kilio kimetangulia. Tulilia palepale, na kuku wakatuzunguka wakidhani tumeleta mahindi.

Yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Aliingia chumba cha wasichana, akatoka na ile picha ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Ilikuwa chini ya godoro la binti yetu muda wote ule wa kungoja. Aliipangusa kioo kwa upindo wa nguo yake. Msumari ulikuwa bado uko ukutani juu ya redio, akaitundika mwenyewe, akarudi nyuma hatua kidogo kuona kama imenyooka. Kisha akakunja pazia la mlango wa mbele, akauacha mlango wazi kabisa.

Wa kwanza kupita alikuwa jirani yule yule wa chumvi. Alisimama mlangoni, akaiona picha, na sikumwona akijishika kinywa safari hii. Aligeukia mlango wa jikoni, akangoja, kwa sababu mara ya kwanza mtu alitoka huko na mwiko.

"Hapana, mama," mke wangu akamwambia. "Ingia sasa, ulie."