Shanta la Marehemu wa Ulaya

Kwetu Ulemo mwanamke hakuwa anabeba mzigo mgongoni. Mgongoni anakaa mtoto. Mzigo unakaa kichwani juu ya kata, kuni ziwe, maji yawe, gunia la mtama liwe. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, nikazaa wanangu wote hivyo. Anayebeba mgongoni ni punda.

Sasa shingo yangu ikaniangusha. Niliamka asubuhi moja haigeuki, kama kijiti kimechomekwa ndani yake. Mganga wa zahanati akaibonyeza, nikapiga kelele, akasema, "Mama, ukijitwisha tena kitu kichwani, shingo hii utaizika kabla yako." Nikarudi nyumbani nimenuna. Mwanamke asiyejitwisha mzigo ni mwanamke gani?

Na ndipo habari ikaja kwamba binti yangu wa kwanza yuko karibu kujifungua. Aliolewa kule chini, upande wa mbuga ya Wembere, kijiji ambacho gari haliendi; unashuka mlima kwa miguu tangu alfajiri mpaka jua linapinda. Kwetu chakula cha mzazi kinapelekwa na mama yake mwenyewe. Hutumi mtu. Ukituma, ukoo wa mume utasema binti hana kwao. Wala hukipandishi juu ya punda; punda anapeleka mtama mashineni. Basi nikae nyumbani na shingo yangu, mjukuu wangu wa kwanza azaliwe nisimshike? Thubutu!

Nikapanda basi mpaka Singida mjini.

Ilikuwa enzi za ruksa. Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni siku nzima kwa kipande cha sabuni, na kanga moja mnaivaa mama na binti kwa zamu. Sasa nafika sokoni, macho yananitoka. Maturubai chini, na juu yake malundo ya nguo kama vichuguu. Makoti, suruali, sidiria za watu nisiowajua, zimeanikwa mchana kweupe wanaume wakipita! Tuliziita kafa Ulaya, na hatukuwa tunatania. Mzungu mzima wa afya atatupaje koti zima lenye vifungo vyote? Lazima amekufa, ndugu zake wakagawa.

Muuzaji mmoja mwenye ndevu akaniita. "Mama shikamoo, karibu, chagua mwenyewe."

"Marahaba. Nataka kitu cha kubebea mgongoni, kisiwe cha mtoto wa shule."

Akavuta kutoka chini ya lundo begi la kijani, refu, lina mikanda kama hatamu. "Hili ni shanta, mama. Kama la askari, ila hili wazungu wanapandia milima."

"Wanapanda milima kufuata nini?"

"Hawafuati kitu. Wanapanda, halafu wanashuka."

"Kuni?"

"Hapana."

"Ng'ombe amepotea?"

"Mama, wanatembea tu! Wanaweka mkate na maji, jioni wanarudi kwao."

Nilimtazama mtu yule nikidhani ananichezea. Mimi natafuta njia ya kutopanda mlima, kumbe kuna watu wana nyumba, wana gari, wanaacha vyote kwenda kupanda mlima bure! Mpaka leo nikikumbuka nashika kiuno.

Lakini kununua nilijua. Nililishika lile begi kama ninavyomshika mbuzi wa mnadani. Nikavuta mikanda kwa nguvu zote, mshono kwa mshono. Nikafungua na kufunga zipu mpaka muuzaji akaomba niihurumie. Nikaingiza pua ndani: lilinuka udongo, si kidonda. Kisha nikamwomba mama wa genge la jirani maboga yake mawili, nikayatumbukiza, nikalivaa, nikazunguka soko.

"Jamani, mwoneni huyu anahama!" wakapiga kelele wauza vitunguu.

"Nahama kwenu wambea," nikawajibu, nikaendelea kuzunguka. Mikanda ilikuwa mipana, haikukata bega. Kulikuwa na mkanda mwingine wa kiunoni. Nilipoufunga, mzigo ukakaa kwenye nyonga, shingo haikusikia kitu. Haikusikia kitu! Nikalinunua.

Nyumbani nikalifua mara mbili kwa sabuni ya mche. Ndani ya kimfuko cha pembeni nikakuta jani kavu, jembamba kama sindano ya kushonea gunia, la mti usioota kwetu. Nikaliangalia muda mrefu. Mwenye begi alipita chini ya mti huo na miguu yake mizima. Nikalitupa motoni haraka, nikanawa mikono.

Habari ya kujifungua ilipofika, mtoto wa kiume, nikapakia. Nilipakia kama tunavyopanga tenga la kujitwisha kichwani, kizito chini: kibuyu cha samli, kibuyu cha asali, juu yake unga wa uwele, juu kabisa mlenda mkavu na kanga mpya. Jogoo nikamfunga miguu, nikamweka kwenye mfuko wa nje, kichwa kinachungulia.

Tambarare nilikwenda vizuri, najisifu peke yangu. Mlima ulipoanza kushuka, mawe yanateleza, lile shanta likanishika mabega kwa nyuma kama mtu. Nikajiinamisha mbele, likavuta. Nikakaza magoti, likavuta. Mara mbingu hii hapa! Nimelala chali juu ya samli, miguu juu, mikono juu, kama kobe aliyepinduliwa, jogoo anapiga kelele za kuuawa. Wachungaji wawili waliokuwa wakipandisha ng'ombe wakasimama wameduwaa.

"Mama, shikamoo. Umebeba nini?"

"Marahaba. Niinueni kwanza, maswali baadaye."

Wakaniinua. Vibuyu vizima, namshukuru Mungu. Nikakaa kwenye jiwe, nikafikiri. Mtoto mgongoni tulikuwa tunamfungaje? Hafungwi kiunoni akaning'inia. Anapandishwa juu, kichwa chake kiwe karibu na mabega yako, ndipo unainama kulima siku nzima na hakuangushi. Nikatoa vitu vyote juu ya nyasi. Unga chini, mlenda na kanga katikati, vibuyu juu, vimegusana na mgongo wangu. Nikavuta mikanda ya mabega mpaka begi likanibana kama linaogopa. Nikashuka mlima ule wima, na wale wachungaji wakaniangalia mpaka nikapotea.

Nikafika jua limeshapinda. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa mlangoni anapepeta mtama kwa ungo, amevaa sweta lake la bluu la kwendea kanisani, maana kulikuwa na upepo. Mwanamke mrefu, hacheki ovyo. Akaniona, akasimama.

"Karibu mkwe. Pole na safari. Umembeba nani?"

"Asante mkwe. Si mtu, ni chakula cha mzazi."

Akanizunguka nyuma. Nikasikia pumzi yake inabadilika.

"Hiki ni kitu cha mitumba."

"Ndiyo, lakini nimekifua..."

"Cha marehemu!" Akaruka mlangoni, akauziba kwa ule ungo. "Mkwe, una akili? Humu mna mtoto, kitovu chake hakijaanguka, wewe unanibebea maiti wa Ulaya mgongoni unaniletea ndani!"

Mlima mzima ule, na sasa ungo.

"Basi nitoe chakula, begi libaki huku nje."

"Chakula kimelala naye tangu asubuhi. Na wewe umembeba. Kalale kwa jirani mpaka kitovu kianguke, ndipo tuongee."

Kutoka ndani nikamsikia mtoto analia. Sauti ndogo, kavu. Damu yangu hiyo, hatua chache kutoka nilipo, na mimi nimezuiwa kwa chombo cha kupepetea mtama. Machozi yakanijaa, nikayameza, sikutaka ayaone.

"Mama? Ni wewe?" binti yangu akaita.

"Ni mimi mwanangu. Nimezuiwa."

Binti yangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kutomjibu mkwe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mkwe, nisamehe kusema nikiwa kitandani. Hiyo shali aliyofunikwa mtoto unajua imetoka wapi?"

"Baba yake ameinunua dukani."

"Ameinunua mnadani, mama. Kwenye lundo."

Ungo ukashuka.

"Na sweta lako la sikukuu," binti akamalizia, "lilitoka lundo hilohilo. Alisema nisikwambie, ungekataa kuvaa na baridi inakuumiza kifua."

Yule mama akajitazama. Akalishika sweta kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kiwavi. Akasema, "Nimepokea nalo sakramenti!"

Akaanza kulivua palepale. Likakwama kwenye kilemba, mikono juu, haoni, anazunguka mlangoni kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikamsaidia kulivuta. Likatoka. Akabaki amelishika, upepo unampiga, anakohoa. Akaniangalia, akaangalia begi, akaangalia ndani ambako mjukuu wetu alikuwa amelala kwenye shali ya lundo. Nilidhani atatufukuza wote, na mtoto pia.

Akalivaa tena sweta, polepole, mkono kwa mkono.

"Kama wameshajaa humu ndani," akasema, "huyu wako mmoja atazidisha nini? Ingia."

Nikaingia. Nikanawa, nikapewa mtoto. Alikuwa mwekundu, amekunja uso kama mzee anayedai haki yake, na nilipomweka kifuani akanyamaza. Nawaambia mnaosoma hapa: wajukuu ninao wengi sasa, wazuri wote, lakini yule ndiye niliyemtetea kwa mgongo.

Nilikaa mpaka kitovu kikaanguka, salama kabisa. Siku ya kurudi, mama mkwe akalivuta shanta uani, maana chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Akaanza kuweka karanga juu ya choroko, na boga akitaka kulishindilia chini kabisa.

"Kizito juu," nikamwambia. "Pale kinapokaa kichwa cha mtoto."

"Nani kakufundisha?"

"Nilianguka."

Akapakia upya, boga juu. Akaliinua mwenyewe, akanivisha, mkanda huu, mkanda ule. Halafu, kwa mazoea tu, mkono wake ukalipigapiga lile begi kwa chini, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto aliyefungwa mgongoni. Akashtuka, akauondoa mkono. Tukatazamana.

"Haya, nenda," akasema. "Na huyo maiti wako umrudishe tena wakati wa mavuno."